Kiti cha Pili

Kigari cha baba kina viti viwili tu, na cha pili kilikuwa changu. Sikupewa kwa upendeleo. Nilikipata kwa sababu kile kigari cha michezo, kikongwe kuliko mimi, kilikuwa hakiwaki mpaka nije mimi. Marehemu mama alikiita mke mwenza, na kwa kununa kilistahili jina hilo. Kila Jumapili asubuhi baba alinipigia simu. "Mama," maana hivyo ndivyo anavyoniita akinidekeza, "njoo, kimenuna tena." Naacha cherehani yangu, nafungua boneti, naigusa kabureta kidogo, navuta choki nusu, nasikiliza. Kinakohoa, kinawaka. Kisha tunauzunguka mji, baba na kifungua mimba wake, upepo usoni.

Ndipo akarudi kitinda mimba wetu, fundi wa magari ya mashindano, na maboksi yake ya vipuri. Mwezi mzima akashinda kwenye banda la baba. Akatoa breki za zamani, akafunga za diski. Akabadilisha springi, klachi, bomba la moshi. Kabureta niliyoilea miaka yote akaing'oa, akaweka kompyuta ndogo ya kupima petroli.

"Dada, mambo ya kubembeleza gari yamepitwa na wakati," aliniambia, mikono imejaa grisi, huku baba akimshikia taa. Mimi baba hakuwahi kunishikia hata bisibisi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, nilijisemea. Nilikuwa na wivu, sikatai. Siku ya kukijaribu nilisimama kando ya boneti, nikiomba kimoyomoyo kigome. Kigome mara moja tu, nami niitwe.

Baba akazungusha ufunguo. Kikanguruma papo hapo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampiga kitinda mimba mgongoni. "Umenifufulia gari, mwanangu!" Halafu akanigeukia kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonichoma.

"Mama, pole kwa miaka yote hiyo. Sasa sitakusumbua tena Jumapili."

Nani alimwambia nilikuwa nasumbuka?

"Hongereni," nikasema. Mdogo wangu akaifunga ile kabureta kwenye gazeti, akanipa eti iwe ukumbusho. Nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka juu ya meza ya kushonea.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Nikajiambia baba amechelewa kuamka. Nikanywa chai, nikajifunga kitambaa changu cha kuzuia upepo, nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Mara nikasikia mngurumo ule mpya ukija barabara ya kwetu. Nikatoka mbio hadi getini.

Kilipita kasi. Breki mpya zote zile, na hakuna aliyezikanyaga. Baba akapiga honi, na kutoka kiti cha pili mdogo wangu akanipungia mkono.

Nikakivua kitambaa kichwani, nikawapungia nacho.