Mbao Nne za Kabati la Atieno

Kabati lilipoteremshwa kutoka kwenye mkokoteni mbele ya karakana yake pale Bomani, Batholomeo alilitambua kabla hata halijakaa sawa. Fundi hasahau kazi ya mikono yake, hasa ile anayoomba kila siku isirudi. Alilitengeneza mwenyewe mwaka tisini na sita, dhahabu ilipokuwa imewatia watu wazimu, akalipaka vanishi nyeusi tii mpaka watu wakamcheka kwamba amelivalisha kabati nguo za msiba.

"Fundi Batho, kazi yako imekurudia," alisema Atieno, mwenye kabati, akijifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Nataka ulibadilishe mpaka nisilijue. Nyeupe, na kijivu kidogo kwenye milango. Huo ubao wa juu wenye nakshi ukate, umepitwa na wakati. Rafu ziwe za kioo. Nora amenionyesha kwenye simu."

Nora, binti yake, alikuwa amepata mchumba wa Migori, na wakwe walikuwa wanavuka mpaka Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Lakini nikuambie ukweli," Atieno akaendelea, "hata wasingekuja ningelileta. Siwezi tena kuliangalia. Unajua ni mimi niliyemuua Tonny?"

Batholomeo alikuwa ameshika futi ya kupimia. Ilimponyoka.

Tonny alikuwa mdogo wake Atieno, na ndiye aliyeagiza kabati hilo liwe zawadi ya harusi ya dada yake. Lilipoletwa, Atieno alilizunguka, akacheka, akamtania mbele ya watu: "Kabati tupu la nini, yawa? Si banda la kuku hili! Vyombo viko wapi?" Utani tu wa dada na mdogo wake. Lakini Tonny hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Wiki mbili baadaye aliingia peke yake kwenye duara la mzee Nyangwine, shimo la dhahabu lililokuwa limeachwa, akatafute mabaki yatakayonunua sahani na vikombe. Ukuta ukamwangukia.

"Watu walimsimulia mama nilichosema," Atieno alisema. "Tangu tumzike hajaniita jina langu. Ananiita 'wewe'. Kila Desemba naenda kijijini nampigia magoti, namwomba msamaha. Ananiangalia tu."

"Pole, mama Nora," alisema Batholomeo.

Basi. Mwanaume mzima, mvi zimejaa kichwani, akasema pole.

Huyu Batholomeo alitoka Kasulu kufuata dhahabu kama wenzake. Dhahabu ilimkataa, ila machimboni waligundua kwamba ana mikono, wakampa kazi ya matimba, yaani miti na mbao za kuzuia kuta za shimo zisibomoke. Kila ubao alioupigilia shimoni aliuchonga namba kwa patasi, ajue upi wa kubadilisha. Duara la Nyangwine alilijua kama chumba chake cha kulala.

Tonny alipomwagiza kabati, Batholomeo alijigamba kwamba litakuwa la mninga mtupu, mbao mpya kutoka Tabora. Siku zikaenda, harusi ni Jumamosi, na mbao zikapungua. Duara la Nyangwine lilikuwa limeingia maji kule chini kabisa, na mwenyewe alikwisha kutangaza kwamba limekufa. Batholomeo akashuka, akang'oa mbao nne pale shimo lilipopinda, akazipiga randa juu juu, namba zikabaki, akazifanya mgongo wa kabati na kuzifunika kwa ile vanishi nyeusi. Jumatatu nitarudishia nyingine, alijiambia. Jumatatu ikaja na kazi zake. Tena fundi mzima wa machimbo alipaswa kujua kwamba hakuna duara lililokufa mahali palipo na njaa ya dhahabu.

Hilo peke yake labda lingesameheka. Lakini asubuhi ile Tonny alipita kwenye kibanda chake cha useremala, tochi imefungwa kichwani, akamwambia, "Naenda kwa Nyangwine kuchungulia kidogo." Lilihitajika neno moja. Usiingie, nimetoa mbao. Ila kulisema ilikuwa kukiri kwamba mninga wa Tabora ulitoka shimoni, na Batholomeo aliona aibu. "Haya, uwe mwangalifu," alisema, akaendelea kupiga randa. Walimtoa Tonny siku ya tatu. Jeneza alilitengeneza Batholomeo mwenyewe, na watu wakamsifu kwa moyo wake mwema.

Sasa alikuwa na kabati na wiki moja ya kulibadilisha. Alikata ubao wa nakshi, akapima rafu za kioo, akabadilisha bawaba. Mgongo aliuacha mwisho. Alipoupiga msasa, vanishi ikaondoka na namba zikatokea moja moja: nne, tano, sita, saba. Akazijaza puti upesi, kama mtu anayefunika chungu kabla wageni hawajaona kilichoungua, akapaka rangi nyeupe mara mbili. Alijitetea sana siku hizo. Kusema hakumfufui mtu. Nina familia. Damu ya mtu huku haina mchezo. Hoja zote zilikuwa nzuri, na kila moja ilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Chakula kilimshinda, na mkewe akadhani ni malaria.

Siku ya kuchukua mzigo Atieno alikuja amevaa vizuri. Alifungua milango, akaifunga, akapiga makofi.

"Ai, Batho! Hata mimi ningeolewa tena!" Kisha sauti ikashuka. "Wakwe wakiondoka nitaenda kwa mama, sitangoja Desemba. Safari hii nitapeleka na mbuzi. Magoti yenyewe yananiuma siku hizi, kushuka naweza, kuinuka ndiyo kazi. Lakini nitafanyaje?"

Batholomeo alichukua patasi. Akaenda nyuma ya kabati, akaanza kukwangua.

"Unafanya nini? Unaliharibu!"

Rangi ikatoka, puti ikabanduka, ile nne ikaonekana. Kisha akasema. Akasema ule ubao ulikuwa umezuia nini, na alivyoung'oa, na Tonny alivyopita na tochi, na yeye alivyomjibu. Hakumsingizia shetani wala ujana.

Atieno aliigusa ile namba kwa kidole.

"Alikuambia anaenda."

"Aliniambia."

"Ukajua hamna mbao."

"Nikajua."

"Ukanyamaza kwa sababu ya mninga."

Batholomeo alianza kushuka chini apige magoti. Atieno alimshika kola akamvuta juu, kwa nguvu ambayo hakutegemea mama wa umri ule awe nayo.

"Usinipigie mimi. Miaka kumi na minane nimepiga mimi. Kesho asubuhi, kabla wakwe hawajafika, tunaenda wote kwa mama. Utamwambia haya haya, hata hilo la aibu usiliruke."

"Na akinilaani?"

"Utaishi nayo," alisema Atieno. "Mimi nimeishi nayo, na haikuwa yangu."