Samaki wa Pipa la Halvard

Huko Valdres, bonde moja la Norwei, ukikataa samaki wa pipa wa Halvard, heri ungemtukana mamaye. Huwatia trauti, samaki wa maji baridi, chumvi, akawakandamiza kwa jiwe mpaka wazame kwenye maji yao pasipo hewa, na pipa likae kwenye baridi hadi Novemba. Harufu yake usiniulize.

Sasa mkwewe, Sunniva, mwenye mimba ya miezi sita, akasukuma sahani.

"Samahani baba, mwaka huu sili."

"Kwani samaki wangu ana meno?"

"Huenda ana bakteria."

"Kwenye baridi ile, bila hewa? Babu yangu alikula hawa hadi miaka tisini!"

"Na yeye alikuwa na mimba?" akauliza Gunnvor, mkewe Halvard, huku akipakua viazi.

Sunniva alicheka. Alifanya kazi kwenye maabara ya chakula, na hakutaka kumvunjia mzee heshima.

"Ngozi ya bakteria ina mafuta, baba. Baridi ikiyagandisha kama siagi, hakui tena. Wengine huyalainisha, ila wanahitaji hewa. Kuna mmoja asiyehitaji hewa hata kidogo. Anajitengenezea mafuta mengine laini, anaendelea kuzaana polepole humo humo. Wewe hutahisi kitu. Mjamzito anapata homa ndogo tu, kama mafua, halafu mtoto anaweza kufia tumboni."

Mkono wa Gunnvor ukasimama juu ya bakuli.

"Homa inakuja lini?"

"Hata wiki kadhaa baada ya kula, mama. Kwa nini?"

Gunnvor akakaa. Watu wa bonde lile walikuwa wameacha kulitaja jambo lake la zamani, lakini hawakuwa wamemsamehe.

"Wangu wa kwanza alizaliwa amekufa. Baada ya Krismasi nilipata homa kidogo. Kabla ya homa nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu kwa ski, nikiteleza juu ya theluji, basi wakasema ski ndizo zilizomuua. Mama mkwe aliniambia hivyo makaburini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu walimwongezea lawama juu yake. Tangu siku hiyo hakuvaa ski tena.

"Siwezi kuapa kwamba ni samaki," Sunniva alisema taratibu. "Lakini ski, hapana mama. Mimi mwenyewe niliteleza nazo jana."

Halvard alikuwa ameinamia sahani. Krismasi ile alimchagulia mkewe minofu ya tumboni ya samaki wa pipa, ile minono, kwa kuwa alikuwa anakula kwa ajili ya wawili.

"Mimi ndiye niliyekupakulia," alisema.

"Hukujua."

"Mama aliposema yale makaburini, nilinyamaza. Hilo nilijua ni kosa."

Akainuka, akazunguka meza, mzee ambaye hajawahi kumshika mkewe mkono mbele za watu, akapiga magoti sakafuni kando ya kiti chake.

"Hukumuua mtoto wetu, Gunnvor."

Gunnvor alimtazama, machozi yakimchuruzika.

"Rudia," alisema.