Iuze Kama Yahya

Watu wa mtaa wetu wa Biryogo, hapa Kigali, walisema nimerukwa na akili, na wengine waliitaja hospitali ya Ndera kwa sauti waliyojua nitaisikia. Mjane hata eda hajamaliza, anaita fundi wa kompyuta! Niliwaacha waseme. Kinywa ni jumba la maneno.

Mume wangu Yahya alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Alikufa mwanzoni mwa Januari mwaka wa tisini na tatu. Moyo ulimsimama akiwa anafunga ghala ambalo alikuwa amelijaza mpaka juu. Kununua maharagwe kila mtu anaweza. Kazi ni kujua siku ya kuuza, na siku hiyo Yahya aliijua peke yake. Alisikia mvua imechelewa Gitarama, au dereva kanung'unikia barabara ya Ruhengeri, kisha alikaa kimya, na asubuhi moja akasema leo. Wenzake walichungulia mlango wake kabla ya kufungua yao.

Shemeji yangu Gasana alingoja matanga yaishe, basi. Akasema ghala lisilo na mwanamume ni karamu ya panya, na kwamba maharagwe mapya yakiingia sokoni mwezi wa sita kabla haya ya zamani hayajauzwa, atalichukua ghala yeye. Wazee wa ukoo wakaitikia. Hakusema kwamba atanichukua na mimi, lakini manukato aliyojipaka siku ile hayakuwa ya msibani.

Ndipo nikamwajiri Eustache, Mkatoliki aliyesomea kompyuta Ubelgiji. Mchana alifanya kazi katika ofisi moja Kacyiru, na jioni aliwatengenezea watu programu. Watu walimsifu kwamba hana mpinzani Kigali nzima. Nilimweleza ninachotaka: kila asubuhi mashine ipewe bei, habari za mvua na za barabara, kisha iamue yenyewe, inunue au iuze, na karatasi ikitoka mtunza ghala aifuate bila kuniuliza mimi wala mtu mwingine. Nilimwambia iuze kama Yahya.

"Basi niambie," alisema. "Yahya yeye anafanya namna gani?"

Kwa kuwa nilikuwa edani, sikuweza kukaa naye uso kwa uso. Tulitundika pazia mlangoni, yeye akakaa sebuleni na shangazi yangu, mimi chumbani. Aliuliza, nikajibu. Yahya akisikia barabara imefungwa anafanya nini? Akiona wenzake wote wanakimbilia kuuza, je? Nilizungumza Ramadhani nzima, na siku ambazo Eustache hakuja nilinuna. Shangazi alidhani nimempenda. Nilichopenda ni kuulizwa. Watu wote walikuwa wameacha kulitaja jina la Yahya, wakidhani wananihurumia, na huyu mgeni alitaka habari zake kila siku. Nilisema Yahya anapenda hivi, Yahya hataki vile, kana kwamba yuko msikitini na atarudi sasa hivi, na hakuna aliyenisahihisha.

Eda ilipokwisha, mashine ilikuwa tayari ghalani, juu ya meza ya Yahya. Karani wangu Béatha aliilisha habari kila asubuhi. Ilikuwa hodari kwelikweli. Ilinunua mtama wakati wenzetu wanaukimbia, ikauuza wakati wanaugombania. Ilikataa bei ya maharagwe iliyowatoa watu mate, na baada ya siku chache bei ikapanda tena. Niliposoma zile karatasi mwili ulinisisimka, maana ni yeye mtupu. Mara moja niliibusu karatasi, Béatha akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Mwishoni mwa Mei maharagwe yalikuwa bado yamejaa, na Gasana alikuwa haishi kupita mlangoni. Kambi za nje ya mji zilikuwa zimefurika watu waliokimbia vita kaskazini, na mnunuzi mmoja akaja na malori kuwatafutia chakula. Alitaka ghala zima, kwa bei ambayo sikuwahi kuisikia, ila alitaka kupakia siku ileile. Béatha aliiingiza bei ile adhuhuri ikiwa imekwisha adhiniwa. Karatasi ikatoka: leo hakuna kuuza, fungeni ghala.

Nzeyimana, mtunza ghala, akachukua kufuli, kwa sababu ndivyo nilivyomwagiza. Mnunuzi akageukia ghala la jirani. Gasana alicheka mpaka akakalia gunia.

Nilimwomba mnunuzi anisubiri kidogo, nikampigia simu Eustache. Alikuja kwa pikipiki, shati limelowa jasho, akaipitia mistari ya programu kwa kidole, kisha kidole kikasimama.

"Mama, hapa hakuna kosa. Ni wewe uliniambia. Ulisema Alhamisi muchana Yahya hauzi, hata mutu alete dhahabu. Nikaandika."

Nilikumbuka nilivyosema. Alhamisi Yahya alifunga ghala adhuhuri akaja nyumbani, akavua viatu, akakata vitunguu vya pilau kwa mkono wake huku machozi yanamtiririka, na hatukumfungulia mtu mlango mpaka Ijumaa. Nilipoyasema yale nilikuwa natabasamu. Lakini Eustache alikuwa upande wa pili wa pazia. Hakuuona uso wangu, akaisikia kama kanuni ya biashara.

"Iko na sababu ya bei?" aliniuliza. "Kama iko, tuache. Kama hakuna, ni mustari moja tu. Natoa."

Gasana aliinuka kwenye gunia, akasogea asikilize. Nzeyimana aliinamisha kichwa, maana yeye alijua. Na mimi, ghala likiwa linanitoka mikononi, nilitamani mnunuzi aende zake, milango ifungwe, niende nyumbani nikaoshe mchele. Nilijua hakuna atakayekuja. Nilijua, na bado nilitaka kwenda.

"Toa," nilisema.

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza labda, akaniuliza kama ningependa kubonyeza mwenyewe. Nikabonyeza. Mstari ulipotea, na ule wa chini yake ukapanda kuziba nafasi.

Béatha akaingiza bei upya. Mashine ikasema uza yote. Wapakizi wakajitwika magunia, na Gasana akaondoka bila kuaga. Wafanyabiashara wa jirani walikuja kunipa mkono, mmoja baada ya mwingine. Walisema ghala ni langu sasa na hakuna wa kuligusa, kwamba hata Yahya mwenyewe angeuza hivihivi.

Hapo ndipo nilipolia mbele yao wote, kwa sababu hawakujua wasemalo. Yahya asingeuza. Saa ile angekuwa amekwisha funga, yuko njiani anakuja kwangu.