Udongo Uliokolea Chumvi

Maji yalipogusa viganja vyake, Lusia aliuma meno. Ngozi ilikuwa imepasuka tena katikati ya vinundu, vile vinundu vigumu kama punje za mtama vilivyomwota viganjani na nyayoni. Alizamisha mikono hivyo hivyo. Aliponda madonge, akatoa vijiwe na mizizi, akakanda mpaka udongo ukawa laini kama ugali wa muhogo. Kisha akaanza kuviringisha vijiti vya urefu wa kidole na kuvipanga juu ya bati. Vikikauka juani angevipandisha kwenye chaga juu ya moshi, na siku ya gulio wajawazito wa Buseresere wangevigombea.

Pemba, ndivyo wanavyoviita sokoni. Kuna wanaokula magadi, kuna wanaolamba majivu, lakini mwanamke mwenye mimba wa upande huu hutafuna udongo. Mama yake Lusia aliuza, bibi yake aliuza. Walimfundisha kuchimba bondeni, chini kabisa ambako udongo hauna mchanga, na walimfundisha desturi ya kazi: usimpe mteja kijiti kabla hujakimega wewe na kukila mbele yake. Muuza udongo asiyekula udongo wake ana lake jambo. Kwa hiyo Lusia alikula kila gulio, kwa kila mteja, mwenye mimba au asiye nayo.

Tangu Davis ajenge mtambo wake wa kuchenjua dhahabu kule juu ya bonde, udongo ulikuwa umebadilika. Masika iliyofuata, bwawa lake la matope lilifurika, maji ya kijivu yakashuka hadi machimboni mwa Lusia, yakatuama, yakanywea. Udongo ulipokauka ulikuwa na chumvi. Wateja waliung'ang'ania. "Mayu Lusia, huu wa sasa umekolea," walimwambia, wakimwita mama kwa Kisukuma, na wengine walitoka hadi Geita mjini kuufuata. Lusia alimshukuru Mungu.

"Mama, hiki kimekauka?" Zipora alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia. Hakusubiri jibu. Alichukua kijiti, akakivunja kwa meno.

Ilikuwa mimba yake ya tatu. Watoto wawili wa mwanzo walikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, walikozikwa na wanawake peke yao kwa sababu walizaliwa bila kulia. Mume wake alikuwa ameshatamka wazi: huyu wa tatu akienda, na Zipora abaki kwao.

*

Muuguzi wa zahanati, Serafina, alimwita Lusia akamfungia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nionyeshe mikono."

Lusia aliifungua. Serafina aliitazama bila kuigusa.

"Na miguu iko hivi?"

"Ni kazi tu. Udongo unakausha."

"Si kazi. Wale watafiti waliokuja kuuliza habari za watoto wanaozaliwa wamekufa, walinunua pemba zako. Wamezipima. Zina aseniki. Ni sumu, mama. Inatoka kwenye mawe ya dhahabu yakisagwa. Ikikaa mwilini inatoa vinundu hivyo, na ikimfika mtoto tumboni..." Serafina alisukuma kigoda kwa mguu. "Zipora anakula?"

Lusia alifumba viganja.

"Aache leo. Sijasema kesho."

"Sijamwekea mtu sumu, Sista."

"Sijasema umeweka. Unachimba wapi?"

"Bondeni. Chini ya bwawa la Davis. Maji yake ndiyo yaliyoingia pale."

Serafina alitupa jicho dirishani. Chini ya dirisha, kwenye boksi la betri la sola mpya ya zahanati, kulikuwa kumebandikwa jina la mfadhili. Davis.

"Hilo mimi usiniambie," alisema. "Nenda kwa mtendaji."

Lusia alirudi nyumbani karibu anakimbia. Alikusanya pemba zote, za juani na za kwenye chaga, akazimwaga chooni. Kisha akamfuata Zipora, akampokonya kijiti mdomoni kama anavyopokonywa mtoto mchanga kitu alichookota.

"Una nini wewe?"

"Sumu. Ina sumu. Ndiyo iliyowaua wale wawili."

Zipora alimtazama mama yake. Udongo ulikuwa umemganda kwenye kona za midomo.

"Wewe unaila tangu sijazaliwa," alisema. "Mbona hujafa?"

"Temea chini, ng'wanawane, mwanangu wee."

"Nani kakutia maneno? Serafina? Yeye amezaa?"

"Tema!"

Alitema. Lakini kwanza alimeza alichokuwa ameshatafuna.

*

Lusia alikwenda kwa mtendaji wa kijiji kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amevaa gauni la kanisani. Alitaka mambo mawili: bwawa la Davis lizibwe, na wanawake waambiwe. Aliyapanga njiani ili asiyachanganye.

Mtendaji, Donatus, alimsikiliza akichokonoa meno.

"Kwa hiyo, Mama Zipora, wewe ndiye unayeuza."

"Ndiyo, lakini sumu inatoka juu, kwenye..."

"Subiri. Wewe ndiye unayeuza, na watoto wamekufa."

"Nimekuja unisaidie, mtendaji. Binti yangu mwenyewe ana mimba."

"Umekuja kujishtaki. Ni vizuri. Umenipunguzia kazi." Alichukua simu, akapiga palepale, bila kumwambia atoke nje. "Bosi, habari za toka asubuhi? Yule mama wa udongo ninaye hapa. Ndiyo. Amekuja mwenyewe. Amekiri." Akasikiliza, akacheka. "Hapana, hana shida, ni mama wa kawaida tu. Haya, tutakutana kwenye mkutano."

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Viti vya plastiki vya meza kuu vilikuwa vya Davis, spika zilikuwa za Davis, na soda alileta Davis. Serafina alikaa pembeni ya meza hiyo na chupa mbele yake. Alieleza maana ya aseniki vizuri, kwa sauti ya chini, na alipofika mahali pa kusema inatoka wapi alisema, "Inapatikana ardhini." Akakaa.

Lusia walimsimamisha mbele. Hawakumfunga. Hakukuwa na haja.

"Uliuza, hukuuza?" Donatus aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Niliuza. Lakini lile bwawa..."

"Jibu unachoulizwa. Ulikuwa unakula mbele ya wateja?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Ili wakuamini."

"Ndiyo des..."

"Ili wakuamini, waule udongo, wafe watoto. Mmesikia, wananchi?"

Walisikia. Mwanamke mmoja alipasua umati akaja mbele. Ni Mariana, mteja wa miaka yote, aliyezika mtoto wakati wa palizi.

"Ulimega ukala nikikuona!" alipiga kelele. "Ukacheka na mimi! Kumbe ulijikinga. Una dawa, mchawi wewe! Onyesheni mikono yake!"

Mtu alimshika Lusia vifundo vya mikono, akainua viganja juu watu wavione. Vinundu vile, mipasuko ile. Uwanja uliguna. Alichokiona muuguzi kama ugonjwa, uwanja ulikiona kama ushahidi.

"Ni maji ya bwawa," Lusia alisema. Kipaza sauti kilikuwa kwa Donatus.

Davis alisimama mwisho. Alikuwa mtu mpole wa kuongea, hakupandisha sauti.

"Mimi nachenjua dhahabu, ndugu zangu. Nimeajiri watoto wenu. Hivi kuna mtu hapa nimewahi kumwambia ale matope yangu?"

Kicheko kililipuka. Hata wanaume waliokuwa wamenuna walicheka. Alisubiri kiishe.

"Hata hivyo, nina uchungu na akina mama. Kwa usalama wao, lile bonde nitalizungushia uzio kwa gharama zangu. Kijiji kinikabidhi tu eneo."

Walipiga makofi. Walinyoosha mikono, eneo likawa lake. Vijana waliondoka uwanjani moja kwa moja hadi kwa Lusia, wakaivunja chaga, wakapasua beseni, wakamwaga maji ya mtungi kwa kuwa yalikuwepo.

*

Uzio wa nyaya ulisimama haraka. Bomba jipya likaanza kumwaga matope humo humo bondeni, maana sasa eneo lilikuwa la mtambo, na bwawa la zamani lilikuwa limejaa.

Kisimani Lusia aliachiwa nafasi kubwa. Akifika, wengine huinua ndoo zao. Hakujali sana. Alihesabu miezi ya mimba ya Zipora tu. Alimpikia uji wa ulezi, akamtafutia ndimu, akampa mkaa safi atafune kama hamu imezidi. Zipora alikula vyote. Akaanza kunawiri. Hata mumewe alikuja kumwona, akaleta kanga.

Kisha Zipora akaanza kuchelewa kisimani.

Lusia alimfuata mchana kweupe, jua limesimama utosini. Binti yake hakushika njia ya kisima. Alikata kushoto, akashuka, akaufuata uzio hadi mahali waya ulipokuwa umelegezwa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni hapo, wote na matumbo yao. Mariana alikuwemo, ana mimba changa. Upande wa ndani alikuwa amechuchumaa Nasibu, mlinzi wa mtambo, amevaa sare na buti, rungu kalilaza pembeni. Alikuwa akipenyeza udongo wa bondeni kwenye vifuko vya nailoni na kupokea noti.

"Huu haujachomwa," mmoja alilalamika.

"Dada, mimi si jiko," Nasibu alisema. "Hutaki, pisha mwenzio."

Lusia aliingia katikati ya foleni, akamshika Zipora mkono. "Twende. Zipora, twende nyumbani!"

"Niache, mama."

"Mtoto yuko hai! Anacheza! Twende!"

"Mchawi asitupangie," Mariana alisema, na wengine wakaguna kumuunga mkono. Mmoja alimsukuma begani. Lusia alianguka kwa magoti.

"We mama," Nasibu aliita kutoka ndani, "hapo unafanya fujo kwenye eneo la mtu. Nitaita gari."

"Unawauzia sumu!"

"Nani anauza? Wewe ndiye uliyekatazwa kuuza. Mimi nalinda."

Wakacheka, foleni nzima. Zipora hakucheka. Alisogea mbele, akaliegemeza tumbo kwenye waya ili mkono upenye. Nyuma ya Nasibu kulikuwa na kibao kikubwa cha bati cha kampuni, chenye fuvu jeusi na neno HATARI, kilichopaswa kutundikwa kwenye uzio. Mlinzi alikuwa amekilaza chali juu ya mawe na kuanika udongo juu yake, kwa kuwa bati lilishika joto vizuri.

Alikwangua udongo kwa kiganja juu ya fuvu, akajaza kifuko, akakifunga.

"Huu umekauka, mama kijacho," alimwambia Zipora. "Nimekuwekea wewe."