Mwanamume Aliyetolewa Kizazi

Mwalimu Nthambi alifundisha shule ya msingi kule Ndithini tangu akiwa msichana hadi serikali ilipomwambia sasa inatosha, nenda nyumbani ukafuge kuku. Muda huo wote hakuna mtu aliyewahi kutilia shaka kwamba ni mwanamke. Ilibidi astaafu, augue, apasuliwe tumbo na kushonwa, ndipo ofisi ya bima ya wastaafu mjini Machakos ilipomwandikia kumwarifu kwamba yeye ni mwanamume.

Barua aliletewa kitandani na sista wa wodi, ambaye alikuwa ameisoma njiani na alikuwa akibana kicheko kwa shida. Ilisema kwa heshima zote kwamba ofisi inasikitika, haiwezi kulipia upasuaji wa kuondoa kizazi chenye uvimbe, kwa kuwa mwanachama, Bwana Nthambi, ni mwanamume, na mwanamume hana kizazi. Mwalimu alicheka, na hilo lilikuwa kosa. Mtu aliyeshonwa tumbo hatakiwi kucheka, kukohoa wala kupiga chafya, na yeye alifanya yote matatu kwa mpigo, akakumbatia mto na kumwomba Mungu amhurumie.

Kicheko kilikatika sista alipomaliza habari yake. Hospitali haikuwa tayari kumwacha aende nyumbani mpaka bima ikubali. Uji angepewa, kitanda angebaki nacho, ila lango lisingefunguliwa. Mwalimu akafikiria kuku wake, veranda yake, na chai ya Kamanthe isiyofanana na yale maji ya moto ya wodini, akataka kulia.

Sasa, kabla hujamlaumu karani, sikiliza jambo lilikoanzia. Marehemu mume wa Nthambi, Kimeu, alifariki mapema, hawajajaliwa mtoto. Kwa Wakamba nyumba ya mtu haiachwi ife hivi hivi. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa. Anapeleka mbuzi za ntheo kwa wazazi wa msichana kama anavyofanya mwanamume yeyote anayeoa, na yule msichana anakuja kuwa iweto wake, mke wa nyumba ile, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ile. Ndivyo Nthambi alivyomuoa Kamanthe kutoka Kivaa. Mbuzi zilipelekwa, nyama ikaliwa, na baadaye wakazaliwa Kimeu mdogo na dada yake Ndinda. Kamanthe alilima na kufuga, Nthambi alifundisha na kulipa karo. Nyumba hiyo ilikuwa na amani kuliko nyumba nyingi zinazoanika suruali.

Shida ilikuwa kanisani. Nthambi alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na wachungaji hawakupenda kusikia habari za wanawake wanaooa. Kwa hiyo kila alipoulizwa Kamanthe ni nani, alijibu kwamba ni msichana wa nyumbani. Aliwajibu hivyo wachungaji, akawajibu hivyo walimu wenzake, na Kamanthe akiwa papo hapo anamimina chai. Kamanthe alisikia, akaenda kutazama chungu jikoni. Msichana huyo wa nyumbani alikuwa na mvi sasa.

Lakini siku ya kujaza fomu ya bima, Nthambi alikuwa peke yake na kalamu, na mtu akiwa peke yake husema kweli bila taabu. Penye mke aliandika Kamanthe. Karani wa siku ile, mtu mwema kabisa, aliona mwanamke mwenye mke, akadhani mwalimu wa watu amechanganyikiwa kwa furaha ya kustaafu, akamsaidia. Alifuta mwanamke, akaandika mwanamume. Mambo yakaenda raha mustarehe. Hata Kimeu mdogo alipolazwa kwa malaria, bima ilimlipia bila swali, kama mtoto wa babaye.

Asiyekuwepo na lake halipo, Mwalimu akamwambia daktari, na akaomba ruhusa aende mwenyewe mjini akathibitishe jinsia yake. Daktari alikuna kichwa, akakubali, mradi asipande ngazi na asigombane na mtu. Kamanthe, aliyekuwa akimuuguza pale wodini, akamfunga leso tumboni juu ya bandeji, akamshika mkono. Askari wa lango naye akadai dhamana kwamba mgonjwa atarudi, na baada ya majadiliano marefu akabaki na viatu vya Mwalimu vya Jumapili. Hivyo ndivyo mwenyekiti wa akina mama alivyoshuka kwenye teksi mbele ya ofisi ya bima akiwa na patipati za wodi, moja ya kijani na moja ya buluu.

Ofisi ilijaa wastaafu waliokaa kwenye mabenchi wakisimuliana magonjwa. Nthambi alipotupa macho, alitamani kurudi kwenye teksi. Kwenye benchi la mbele alikuwa Mama Wangui, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, na zaidi ya hayo katibu wa akina mama kanisani. Alikuwa amekuja kufuatilia bima ya mumewe. Habari ikiingia kwa Mama Wangui asubuhi, jioni imeshafika Kithyoko, na imenenepa njiani.

Karani wa zamu aliitwa Njogu, kijana wa tai na adabu nyingi. Alisoma barua, akasoma faili, akamtazama Mwalimu juu hadi chini mpaka kwenye patipati, na kwa upande wake aliridhika kwamba huyu ni mama. Akasema jambo lenyewe ni dogo. Atafuta Kamanthe na watoto wawili kwenye faili, aandike mwanachama ni mwanamke, mjane, hana mtu. Mwalimu atatia sahihi hapa, barua ya hospitali itatoka kabla ya chakula cha mchana, na leo leo atalala kwake. Akamsogezea kalamu.

Nthambi akaishika. Nasema kweli, akaishika. Mshono ulikuwa unamchoma, benchi lilikuwa gumu, na kitanda chake kilikuwa Ndithini kinamngoja. Akajiambia ni karatasi tu, karatasi haijui nani alipeleka mbuzi kwa nani. Tena Mama Wangui alikuwa ameshavuta shingo kama twiga.

Njogu, aliyezoea wazee wasiosikia vizuri, akapaza sauti ambayo hata wauza ndizi nje waliisikia. "Na huyu mwenye umekuja naye, ni nani wako?"

Mabenchi yakageuka kusikiliza. Neno la msichana wa nyumbani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mwalimu, limekaa pale pale pa siku zote. Kamanthe akamwinamia sikioni kumpunguzia kazi.

"Tia sahihi, Mwaitu, twende nyumbani," alinong'ona, akimwita mama kwa Kikamba kama siku zote. "Mimi nimezoea."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema amezoea jua la Kivaa, na hilo ndilo lililomchoma Nthambi kuliko kisu cha daktari. Alimtazama huyu mwanamke aliyemnywesha uji kwa kijiko siku zote za hospitali, akaona aibu, aibu kubwa, na safari hii haikuwa ya watu wa kanisa. Akaweka kalamu mezani. Akashika meza, akasimama polepole, kwa kuwa jambo kama hilo halisemwi mtu akiwa amekaa.

"Huyu ni bibi yangu," alisema, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa la nane. "Nilimuoa na mbuzi za ntheo, na mama yake alikubali. Watoto wake ni wangu. Hutamfuta."

Njogu alilegeza tai. Alieleza kwa upole kwamba kompyuta ya Nairobi iko na nafasi mbili tu, mwanamume aliye na bibi ama mwanamke aliye na mume, na haijafundishwa mambo mengine. Mwalimu akamwambia basi kwa upande wa tumbo amwandike mwanamke, na kwa upande wa Kamanthe amwandike chochote apendacho, hata fahali, ila Kamanthe abaki.

Hapo Mama Wangui akainuka. Nthambi akafumba macho, akingojea kusikia uenyekiti wake ukizikwa.

"Andika, kijana," Mama Wangui akasema. "Hata kwetu Murang'a cucu wangu, yaani nyanya yangu, alioa. Mimi mwenyewe nimetoka kwa hiyo nyumba. Ama unafikiria watu walianza na fomu?" Kisha akakaa, akajitengeneza kitambaa cha kichwa, na kumtazama kila mtu aliyethubutu kumtazama.

Nthambi alifumbua macho. Miaka yote waliyokaa benchi moja kanisani, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa siri moja, na chai walikunywa pamoja kila Jumapili. Angecheka kama tumbo lingemruhusu.

Njogu akaenda chumba cha nyuma kwa mkubwa wake. Ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo ofisi nzima ilifuata mjadala. Mkubwa aliuliza kama kizazi kimeshatolewa. Njogu akasema kimetolewa. Mkubwa akasema basi hakiwezi kurudishwa, kwa hiyo hospitali iandikiwe ilipwe, na hayo mengine yaandikwe kwa mkono, Nairobi wakitaka kujua zaidi wapande gari waje Machakos. Muhuri ukasikika ukigongwa.

Njogu akarudi na barua ya hospitali na faili. Akakata mwanamume kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika mwanamke juu yake. Chini alikuta jina la Kamanthe, akalizungushia duara, akaandika kando. Kisha akamwomba Mwalimu aketi apumzike, kazi imekwisha.

Mwalimu hakuketi, kwa sababu Kamanthe alikuwa amesogea mezani. Kamanthe hakusoma sana, na ofisini hakuwahi kuomba kitu. Sasa aliweka kidole kando ya jina lake na kumwomba kijana, kama si taabu, amsomee alichoandika.

"Kamanthe," Njogu akasoma. "Mke."

Kamanthe akaitikia kwa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akageuka akatazama mabenchi, la mbele na la nyuma, wazee kwa wamama, kisha akamrudia karani.

"Soma tena," alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia."