Gurudumu la Kulia

Mtaa ule wa magereji ulikuwa na mafundi wengi kuliko magari, na kila fundi alikuwa na sifa yake. Kuna aliyesifiwa kwa kuchomelea, kuna aliyesifiwa kwa rangi, na kuna mmoja aliyesifiwa kwa kupoteza nati za watu. Lakini Masikio alikuwa mmoja tu. Huyu hakuwa na haja ya kuliangalia gari, alilisikiliza. Gari likikata kona kule mwanzo wa mtaa, yeye kalala chali chini ya gari jingine, utamsikia anasema bila hata kutoa kichwa kwamba huyo anayekuja beringi yake ya nyuma imekwisha, aambiwe asiende mbali. Na mwenyewe anayekuja alikuwa anatafuta kioo cha pembeni tu. Jina alilopewa na mama yake lilibaki likizeekea ndani ya kitambulisho.

Sasa, dunia ina utani wake, na haiulizi kwanza kama mmezoeana. Mpiga picha humtia mtoto wa jicho, mshona viatu humpa kidonda cha mguu. Kwa Masikio ikapita ikabeba masikio.

Haikuyabeba kwa siku moja. Kwanza ndege wa asubuhi walihama, au ndivyo alivyodhani. Kisha simu ikaacha kulia mfukoni. Mwisho watu wote wakashikwa na ugonjwa wa kunong'ona. Nyundo, chuma juu ya chuma, na ile mashine ya upepo iliyomngurumia kisogoni tangu ujana, kila kimoja kilikuwa kimeshachukua chake. Hakumwambia mtu. Ataanzaje? Mganga hatangazi kwamba yeye ndiye mgonjwa. Akajifunza kutazama midomo, kutikisa kichwa, na kusema "naam" mahali panapoelekea kuhitaji naam.

Nyumbani ujanja huo haukufika mbali. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, ukuta mmoja na gereji. Jioni moja mke alionja mboga akalalamika kwamba chumvi imezidi. Mume akainuka kimya kimya, akachukua ufagio, akafagia sebule nzima hadi chini ya kabati. Alikuwa amesikia vumbi. Siku nyingine aliombwa afunge mlango, akauliza ni mpango gani tena huo. Mke alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaenda kusimama kidogo nyuma ya pazia, kwa sababu si kila kicheko huishia kwenye meno. Hakumuumbua. Alingoja aseme mwenyewe.

Ndipo akaja shemeji.

Shemeji huyu, mdogo wake mke, alikuwa dereva wa zahanati, na mtaani walimwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Alikuja na gari refu jeupe linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye viti vilivyokwisha kuona kila aina ya mgonjwa. Asubuhi ya pili yake alitakiwa kumpandisha mkunga milimani, kwenye ile barabara ambayo upande mmoja una mwamba na upande wa pili una hewa. Na gari lilikuwa linaguna. Likienda polepole kimya. Likikolea mwendo, linaanza kuguna huko mbele kama mzee aliyeamshwa. Wenzake kazini walisema ni tairi tu. Breki hakutaka kubahatisha, akalileta kwa masikio yanayoaminika.

Wakatoka wawili kulijaribu. Masikio alikaa kiti cha abiria, kainamisha shingo, kafumba macho kama zamani. Zamani hiyo angetenganisha mlio wa tairi na mlio wa beringi kama mama anavyotenganisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Leo kulikuwa na pamba tupu. Breki akakata kushoto, akakata kulia, huku anaongea, macho yake barabarani na midomo yake imeelekea huko huko. Katika maneno yote aliyomwaga, moja tu ndilo lililoivuka ile pamba: kulia.

"Naam," akasema Masikio. "Linalia. Nalisikia."

Breki akamtupia jicho, akaongeza maneno kidogo, akapata naam nyingine. Wakarudi.

Pale gereji, Masikio akalipiga jeki mbele, akalikalisha juu ya stendi. Akashika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. La kulia nalo vivyo hivyo. Beringi iliyolegea hujisema yenyewe, gurudumu linacheza kama jino la mtoto. Lakini iliyoanza kuliwa ndani tu huweza kukaa imekaza na kunung'unika, na hapo ndipo lilipohitajika sikio. Akayazungusha magurudumu, moja baada ya jingine, akainamisha kichwa, akakunja uso. Tamthilia nzuri. Kisha akachagua kushoto, kwa sababu upande wa ukingo wa barabara ndio unaokula mashimo, na kwa sababu lazima achague. Akamtuma shemeji duka la vipuri kuleta beringi za gurudumu moja la mbele, na sili yake ya kuzuia grisi isivuje. Duka lilikuwa pale pale mwisho wa mtaa, lakini kwa mdomo ule ilikuwa safari.

Akabaki peke yake. Akatoa tairi, akaifungua breki na kuifunga pembeni kwa waya isining'inie kwa mpira wake, akakunjua ile washa inayozuia nati, akazitoa nati kubwa, habu, kile kitovu cha gurudumu, ikaja mikononi. Beringi ya nje ikamwangukia kiganjani. Akaifuta kwa kitambaa.

Beringi iliyochoka ina uso wake: samawati ya kuungua, au vishimo kama mtu aliyepona ndui. Hii iling'aa. Grisi yake bado rangi ya asali. Akapenyeza kidole kwenye habu akaizungusha na ile ya ndani, bila kuigusa sili, ikateleza kama samaki. Gurudumu halikuwa na hatia yoyote.

Akakaa juu ya kreti. Kama si hili, ni lile la pili. Lakini huenda hata si lile, huenda ni tairi kweli, huenda ni la nyuma, na yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa. Lilikuwepo jambo moja jepesi sana. Zikija beringi mpya azitie hapo hapo kushoto, afunge, amkabidhi shemeji ufunguo. Gari litaendelea kuguna, lakini hawa watu wenyewe walishasema ni tairi. Jina lingebaki mtaani. Gurudumu lingekwenda milimani.

Akairudisha beringi mahali pake, akafunga kila kitu kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Mkewe akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, gauni jeusi la mteja mkononi. Akauliza kitu. Masikio aliiona midomo ikisema "unasikia," na kabla haijamaliza, kitu kikakatika ndani yake.

"Sisikii," akasema, kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe. "Sisikii kitu mimi. Umeridhika?"

Mke akaja akakaa juu ya tairi, uso kwa uso, midomo yake mahali pa kuonekana.

"Mume wangu, nimekuuliza kama unasikia njaa," akasema taratibu. "Njaa nayo unaisikia kwa sikio?"

Masikio akamtazama.

"Na baridi je? Na harufu ya mboga inayoungulia jikoni sasa hivi kwa ajili yako, unaisikia kwa sikio gani? La kushoto?"

Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Mke akamshika ule mkono wenye sugu na grisi, akaufuta kwa aproni yake mwenyewe, akamwekea pindo la gauni kati ya kidole gumba na cha shahada. Avute, amwambie wapi mshono umeruka. Akavuta. Kitambaa kilipita, kikapita, halafu kikasita.

"Hapa."

"Hapo," mke akakubali. "Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, macho yangu yalishaacha kuuona. Nashona kwa vidole. Hukujua, maana ulikuwa umeshughulika kunificha ya kwako."

Akainuka kwenda kuokoa mboga.

Masikio alibaki na vidole vyake hewani, vimeshika kitambaa ambacho hakipo. Kisha akaenda kwenye gurudumu la kushoto. Akaweka kiganja juu ya springi, kwa mkono wa pili akalizungusha tairi. Kiganjani hapakuja kitu. Maji ndani ya mtungi. Akazunguka upande wa pili. Kiganja juu ya springi, akazungusha. Akaacha kupumua. Ilikuwa mbali, nyembamba, lakini ilikuwepo, ikipanda kwenye chuma na kuingia mfupani: changarawe. Kama mtu anayetafuna mchanga chumba cha pili. Akarudi kushoto, maji. Akarudi kulia, mchanga. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayekwenda mlangoni kumwangalia mgeni ambaye tayari ameshafika.

Breki alirudi na beringi kwapani na habari za mtaa mzima mdomoni. Masikio akamwinulia kiganja anyamaze.

"Shemeji, mimi sisikii. Kule ndani ya gari sikusikia kitu. Nimefungua kushoto bure, ni nzima. Mbovu ni ya kulia. Nimeishika kwa mkono."

Kwa mara ya kwanza tangu aitwe Breki, zilishika. Akasimama. Halafu akasema, kwa kukunjua midomo kila neno peke yake, kwamba jambo hilo yeye alishalisema. Alisema akikata kushoto gari linaegemea kulia, na mlio unapanda. Alisema, kwa maneno yake yenyewe, linalolia ni la kulia.

"Nilisikia kulia," akajibu Masikio. "Nikadhani kulia kwa machozi."

Breki akacheka akaegemea boneti. Akakiri na yeye ana lake: naam ile ya kwanza ilimtia shaka, akamwita punda ili kumpima, na punda akaitikia kwa adabu. Akadhani labda masikio ya watu ndiyo yaliyokufa, ya magari yako hai. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, "lakini hilo lako shemeji halisikii hata matusi." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Ungeniacha nipande nalo?"

Masikio angeweza kusema hapana. Ilikuwa hapana nusu.

"Nilikaa kwenye hiyo kreti nikalifikiria."

Breki akaitazama kreti kwa muda, kana kwamba nayo ina la kujibu. Kisha akakunja mikono ya shati. "Mficha uchi hazai," akasema. "Muulize mkunga wangu. Lete spana."

Wakaifungua ya kulia pamoja. Beringi ya nje ilitoka na uso wa samawati, na ile ya ndani, baada ya sili kung'olewa, ilikuwa imeliwa vishimo kila mahali. Grisi yake nyeusi, ina vumbi la chuma linalometa. Breki aliizungusha kidoleni akaguna kama gari lake. Vikombe vya zamani, yaani zile pete ambamo beringi hukimbilia, vikagongwa vikatoka. Vipya vikaanza kuingizwa, nyundo juu ya kipande cha shaba, kidogo huku, kidogo kule. Hapa kila fundi hungoja mlio. Kikombe kikifika mwisho, nyundo hubadili sauti. Masikio akamwomba shemeji awe sikio lake. Akagonga. Akagonga. Nyundo ikamrudi mkononi kwa ukali mpya, na akatamka "kimefika" sawia na Breki. Wakatazamana kama watoto waliokutwa na kosa moja.

Akakanda grisi kiganjani, akaisukumiza ndani ya beringi mpaka ikachungulia upande wa pili. Habu ikarudi. Akakaza nati huku akiizungusha habu, akalegeza, akakaza tena kwa adabu, akaikunja washa.

Walipotoka kulijaribu, Masikio aliweka kiganja sakafuni, karibu na ukuta wa injini. Breki akakoleza mwendo, akakata kushoto. Maji. Breki akamgeukia uso mzima kumpa taarifa kwa midomo, na Masikio akamwambia atazame barabara, ameshaelewa.

Kumkataza asitangaze kungekuwa kupoteza pumzi, kwa hiyo Masikio alimruhusu. Hata jua halijatua mtaa mzima ulijua. Mteja mmoja aliliondoa gari lake bila kuaga. Mchomeleaji wa jirani akaja akapiga kelele za salamu, akaambiwa na Masikio aache, anamtemea mate. Aongee polepole tu, ageuze uso. Na yule wa kupoteza nati akaleta gari la mteja wake, akamshika mkono Masikio, akauweka kwenye springi, akangoja.

Jioni walikaa mezani, mume na mke, na ile mboga iliyookolewa nusu. Mke akasema kitu akiwa ameinamia sahani. Masikio alihisi naam inapanda kooni kwa mazoea yake. Akaimeza.

"Sijasikia," akasema. "Rudia."

Mke akainua uso. Akamtazama, mkono wa kula umesimama njiani, na alipofungua mdomo ikaonekana kwamba amekwisha kusahau alikuwa anasema nini.