Jibu kwa Muzee wa Petroli

Kila jioni Papa Cirhuza alipofika nyumbani, mambo yalikwenda kwa mpangilio uleule. Alivua viatu mlangoni, akavigonganisha vumbi likatoka, akakalia kigoda chake karibu na mbabula ambapo mkewe, Mama Emérence, alikuwa akipika juu ya makaa. Akanyoosha miguu. Kisha akamtazama binti yake.

"Colombe, kuko nini?"

Naye Colombe, ambaye alikuwa amesoma jiografia hadi chuo na bado sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgeni, alijibu, "Hakuna, Papa."

"Kama hakuna, tukule."

Wakala.

Jumatano ile hakuvua viatu. Aliingia navyo hadi katikati ya chumba, gazeti limekunjwa mkononi kama fimbo.

"Colombe, niletee biki na karatasi. Kuko muzee mumoja ananitafuta."

"Nani, Papa?"

"Huyu." Akalitupa gazeti mezani. "Muzee wa petroli."

Colombe hakuhitaji kulifungua. Aliujua ukurasa, alijua hata mahali ambapo mashine ilikuwa imemeza wino. Makala ile aliiandika yeye.

Gazeti lenyewe liliitwa *Kengele*. Lilikuwa na kurasa chache, na lilitoka mara moja kwa mwezi katika chumba kimoja juu ya duka la dawa pale Nyawera. Mwenye gazeti alikuwa Hugues, mwalimu mstaafu, na Colombe alikwenda huko kumpigia chapa makala za watu wengine. Lilisomwa kuliko lilivyouzwa: nakala moja ilipita mikono ya mtaa mzima, kisha picha zake zikazunguka kwenye simu. Mwezi huu Hugues alikuwa amebakiwa na nafasi. Colombe akampa kurasa mbili, akamwomba asiweke jina lake. Chini yake wakaandika tu, "Mkaaji wa Bukavu."

Makala ilisema kwamba visima vya petroli duniani vinaelekea kukauka, na kwamba kabla havijakauka mafuta yatapanda bei mpaka lori liwe kama nyumba isiyo na mlango: unalo, lakini huingii. Haikumpa msomaji mahali pa kupumzika. Hugues alipoisoma alivua miwani akasema, "Binti yangu, hata Yeremia alipumua kidogo."

Lakini Colombe hakuwa amewaandikia watu wote. Alimwandikia mtu mmoja.

Muda mfupi kabla ya hapo, baba yake alikuwa ametangaza wakiwa mezani, tonge la bugali mkononi, kwamba amepata lori la kununua, Fuso kuukuu yenye mashine nzuri. Fedha zingetoka Luberizi. Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Luberizi walikuwa na kitu kimoja tu, shamba la mpunga ambalo Mama Emérence aliachiwa na baba yake huku kaka zake wakinung'unika. Mchele wa shamba lile ndio ulioijaza sufuria yao kila mara tajiri wa lori aliposahau kumlipa dereva wake, yaani Papa Cirhuza. Ndio uliomsomesha Colombe.

Mama Emérence alilitua tonge lake, akalitazama. "Sawa, Papa Colombe," akasema. Hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya mtoto. Baadaye Colombe alimkuta nyuma ya nyumba akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Alitaka kusema neno, akakosa. Alitaka kumwendea baba yake, akafika mlangoni akarudi. Basi akaandika.

Na sasa baba yake alikuwa ameketi na viatu vyake, akingoja kalamu.

"Andika: 'Bwana muzee.'"

"Papa, unajua aje kama iko muzee?"

"Mutu ya kuona mubaya kila pahali, huyo hana tena meno ya kukula mukate. Andika."

Colombe akaandika.

"'Tangu nikiwa mutoto banatuambia ziwa iko na gesi, siku moja italipuka, itatukula shiye wote. Nimesoma, nimeoa, nimezaa, ziwa iko pale na miye naogaka ndani. Maji ya bomba inakatika kila juma, hatujakufa na kiu. Sasa weye unakuja na esanse, na petroli yako.' Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mwandikie tena: 'Kama petroli itaisha, nitamuita weye usukume gari yangu.'"

Mama Emérence aligeuzia uso wake kwenye moshi ili asionekane akicheka. Hata Colombe alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma.

Papa Cirhuza alilichukua gazeti akalisogeza mbali na macho yake, kisha karibu, kisha akampa binti yake. "Soma pale anasema mambo ya gurudumu."

Colombe akasoma, macho chini. "'Udongo ukipumzika huzaa tena. Gurudumu likisimama ni chuma tu. Anayeuza shamba ili anunue gari, siku mafuta yatakapokuwa ghali kuliko mzigo, atawapikia watoto wake nini?'"

"Tena."

Akasoma tena. Makaa yalitatarika kwenye mbabula. Papa Cirhuza alikuwa akitazama viganja vyake, vilivyokuwa vigumu na vyeusi kwenye mikunjo.

"Andika: 'Weye hauna haya. Nilishuka mulima wa Ngomo na frein mubovu, gari inakataa kusimama, nikafika. Maisha yangu yote nimekamata volani ya gari ya batu. Kama nataka kukamata yangu, macho ingali inaona kidogo, weye unani...'" Sauti ikazama. "Acha. Futa hiyo."

"Nifute yote?"

"Kuanzia 'nimekamata'. Hiyo haimuhusu."

Colombe aliufuta mstari huo taratibu, kwa sababu hakutaka kuufuta. Hakuwahi kujua kwamba baba yake alikuwa akiogopa kitu. Katika kurasa zake mbili alikuwa ameviwaza visima vya nchi za mbali, bei na mashine, lakini hakuwa amemwaza mtu aliyezeeka akiendesha mali ya mwingine.

"Malizia sasa," alisema baba. "'Mutu anaficha jina yake, anaogopa maneno yake mwenyewe. Kama uko na shauri, kuya kwangu, kaa kwa kiti, sema. Nitakupatia chai.' Weka jina yangu yote. Miye sijifichake."

Hapo ndipo alipovua viatu. "Haya. Kuko nini?"

"Hakuna, Papa."

Kesho yake Colombe alipanda hadi Nyawera, jibu likiwa kwenye mkoba. Sokoni kulikuwa na kelele zake za kawaida, wabeba mizigo wakiomba njia kwa mabega, na kwenye kituo cha pikipiki waendeshaji wawili walikuwa wakitaniana. "Muzee wa petroli anakusalimia," mmoja alisema. "Anasema uanze kujifunza kutembea." Mwenzake akamjibu kwamba anaposikia hivyo ndipo anapoharakisha, ili esanse isimuishie njiani. Colombe alipita upesi, ameinamisha kichwa.

Hugues alikuwa na furaha ya mtu ambaye gazeti lake limesomwa mpaka mwisho. "Keti usikie," alisema, akiinua simu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mwandishi bila shaka amelipwa na wauza baiskeli. Mwingine alisema, kama petroli lazima iishe, basi ianzie kwa jirani yake anayewasha pikipiki alfajiri chini ya dirisha lake. Padri alikuwa ameisoma makala katika mahubiri akasema tujiwekee akiba mbinguni. Na mama mmoja wa Kadutu, asiyetaka akiba ya mbinguni peke yake, alikuwa amejaza mabidoni ya petroli akayaweka chini ya kitanda cha watoto. Aliuliza petroli hukaa muda gani kabla haijaharibika.

Kicheko cha Colombe kilikatika. "Mumwambie ayatoe ndani. Leo. Jamani, watoto wanalala na mbabula inawaka."

"Nimeshampigia," alisema Hugues. "Ameyatoa. Tulia."

Walikuwa bado wanazungumza mlango ulipogongwa. Aliingia kijana mrefu, amevaa gile, kile kizibao cha waendesha pikipiki, iliyopauka mabegani. Alisema anaitwa Destin.

"Natafuta yule muzee mwenye aliandika mambo ya petroli. Sikuje kugombana."

Hugues alimtupia Colombe jicho moja. Colombe akaweka vidole juu ya kibodi, kana kwamba ana kazi.

"Hapendi kuonekana," alisema Hugues. "Unamtakia nini?"

Destin alibaki amesimama. "Mama yangu alisikia banasoma ile gazeti kwa shirika ya kanisa. Akalia. Akasema, niuzishe pikipiki sasa hivi, kungali batu ba kununua. Nikauzisha." Alijaribu kucheka. "Benzangu banasema niko mujinga. Lakini miye niliisoma pia. Huyu muzee aliandika kama ananijua. Sasa nataka aniambie tu: mutu akimaliza kuuzisha, anafanya nini?"

Sauti za soko zilipanda kutoka chini. Colombe aliipitia makala kichwani. Katika makala yake yote hapakuwa na sentensi hata moja ya swali hilo, kwa kuwa hakuliuliza kwa ajili ya mtu mwenye pikipiki. Aliyemwandikia alikuwa na shamba.

"Sasa hivi unafanya nini?" aliuliza, kwa sauti ambayo ilibidi kijana ainame kuisikia.

"Natembea, dada. Miguu haijazoea." Akaivuta gile yake ikae sawa. "Mukimuona, mumwambie miye nilimusikia."

Alishuka ngazi. Colombe aliwaza: huyu amesikia asichoambiwa, na aliyeambiwa ananiandikisha jibu tu.

"Ulimwandikia nani?" aliuliza Hugues.

Colombe alitoa jibu mkobani akampa. Hugues alisoma, akacheka aliposoma mambo ya ziwa, kisha akafika kwenye jina akaacha kucheka. "Papa yako?"

Akaitika kwa kichwa.

"Lo. Basi umetumia bunduki kubisha mlango." Aliikunja karatasi. "Tutamjibu toleo lijalo."

"Toleo lijalo shamba litakuwa la mwingine. Wanakwenda Luberizi Jumamosi."

Hugues alikuwa mtu wa magazeti, hakuwa na dawa nyingine mezani pake. Alisema tu, "Pole, binti yangu," akarudi kwenye simu yake iliyokuwa ikilia.

Ijumaa jioni kitenge cha Mama Emérence kilikuwa kimenyooshwa na kuwekwa juu ya kiti, kile cha maua ya njano anachovaa kwenye ndoa na matanga. Angekivaa kesho kwenda kusimama mbele ya chifu na kusema kwamba anakubali shamba liuzwe. Papa Cirhuza angemshusha kwa lori la tajiri, amwache Luberizi kwa shughuli hiyo, kisha amchukue, na njiani kurudi wapakie mchele Luvungi. Mchele wa watu. Mama aliyasema hayo yote huku akikoroga sombe ya majani ya muhogo, mgongo wake ukiwa umemwelekea binti yake. Colombe alimwaza Destin akipanda milima ya Bukavu kwa miguu, na gile yake.

Papa aliingia. Alivua viatu mlangoni, akavigonganisha. Akakalia kigoda, akanyoosha miguu.

"Colombe, kuko nini?"

"Hak..." Neno lilianza lenyewe, kama lilivyozoea. Akalimeza. "Kuko kitu, Papa."

Baba aliinua kichwa. Mwiko wa Mama Emérence ukasimama ndani ya sufuria.

"Kuko nini?"

"Yule muzee amekuya."

"Muzee gani?"

"Wa petroli."

Papa Cirhuza akageukia mlango. Alikuwa tayari amerudisha miguu chini ya kigoda na kukaa wima, kama mwenye nyumba. "Iko wapi? Mupatie kiti. Nilisema nitamupatia chai, sirudi nyuma."

Colombe alikiendea kiti. Alikiinua kitenge cha maua ya njano, akakiweka taratibu juu ya meza. Akakivuta kiti mpaka kikawa mbele ya baba yake, akaketi.

Papa Cirhuza alimtazama. Akautazama mlango tena, uliokuwa mtupu, kisha akamtazama yeye. Kitu fulani kilikuwa kikipita usoni mwake polepole, na haikuwa hasira bado.

Mama Emérence aliacha sufuria. Alichukua birika, akamimina chai kikombeni, akaongeza sukari jinsi binti yake anavyopenda. Akakiweka kikombe mikononi mwa Colombe, na mkono wake ukabaki pale kidogo.

"Weye?" alisema Papa Cirhuza. "Ni weye ulinifanya niandike? Weye mwenyewe ulikuwa unaandika?"

"Ni miye, Papa." Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Acha nimalize, ndiyo unitukane, nikinyamaza sitaanza tena. Miye sijue petroli itaisha siku gani. Labda itaishia bajukuu yangu. Niliogopesha batu ba bure. Na ile mustari ulinifutisha, ningekuwa naijua, nisingeandika vile, ningekuya hapa nikae. Unaweza kuwa na gari yako, Papa, tutatafuta njia ingine, nitasaidia. Lakini yote niliandika pale, kurasa mbili, ilikuwa neno moja tu, nilikosa kinywa ya kuisema."

Akavuta pumzi.

"Usiuzishe shamba ya Mama."